Mara Tano za Kushiba

Rukiyo alianza kujikamua maziwa miezi minne kabla ya mtoto kuzaliwa, na mtoto mwenyewe alikuwa tumboni mwa mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo ni Hinda wa Masalani, mke wa Mahat, ndugu wa mume wa Rukiyo. Hospitali ilipomwonyesha mapacha wa kiume, naye tayari ana sita nyumbani, Hinda alimtumia Rukiyo ujumbe wa sauti: "Abaayo, dada yangu, Mola kanipa wawili kwa mkupuo. Mmoja wako. Usinijibu leo, lia kwanza."

Rukiyo akalia. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa tumbo lake halikushika, na Yarrow mumewe hakumtupia hata neno moja la kumchoma. Lakini furaha ile ilikuja na mwiba wake. Mtoto wa shemeji si maharimu. Angemwogesha, angemfundisha alifu na be, angemkesha homa, kisha siku ya kubaleghe kwake angelazimika kujitanda mbele yake kama ajitandavyo mbele ya mgeni. Na kijana naye angebisha hodi kwenye chumba alicholelewa.

Dawa ya mwiba huo ilikuwa moja: amnyonyeshe angali mchanga, mara tano, na kila mara mtoto aliache ziwa mwenyewe kwa kushiba. Hapo angekuwa mwanawe wa kunyonya, maharimu wake maisha. Yarrow alikwenda kumuuliza sheikh wa mtaa kama maziwa ya mwanamke asiyezaa yanahesabika. Sheikh akasema, "Yakiwa maziwa, ni maziwa. Mwambie ajitahidi."

Kujitahidi huko alifundishwa na Mwende, muuguzi wa zahanati, binti wa Kitui aliyeletwa Garissa na kazi. Daktari alimpima na kumwandikia vidonge. Mwende akampa pampu ya mkono. "Kila saa tatu, dada. Dakika kumi na tano kila upande, hata kama hakitoki kitu."

"Na yatatoka?"

"Wengi hupata. Wengine hupata kidogo tu. Sitakudanganya."

Basi Rukiyo akawa anaacha mita na mkasi katika duka lake la vitambaa na kujificha nyuma ya majora. Nunow, jirani yake muuza viatu, hakuvumilia. "Rukiyo, huko nyuma umeficha mume wa pili?"

"Huyu wa kwanza tu sijammaliza," alijibu Rukiyo, na pampu ikaendelea kuvuta hewa tupu.

Wiki ya tano likatoka tone moja. Alilitazama likining'inia, akasema Alhamdulillah kwa sauti iliyomfanya mteja nje aulize kulikoni. Wiki ya nane alipata kijiko. Wiki ya kumi na moja, kwa siku nzima, nusu ya finjani.

Hapo ndipo alipokosea. Rukiyo alizaliwa Wajir katika mwaka wa kiangazi, akakua akijua kuwa maji ya silanga, bwawa la kuchimbwa, huja kwa mvua, na mwenye akili hayachoti ovyo. Mtoto alibakiza wiki tano. Akaona ni israfu kuyatoa maziwa na kuyamwaga. Akapunguza, akawa anakamua mara tatu tu kwa siku, ili yajikusanye yamsubiri mwenyewe. Siku mbili za mwanzo kifua kilijaa, akafurahi. Baada ya siku kumi nusu finjani imekuwa kijiko, na kijiko hakijai.

Hakumwambia Mwende, kwa haya. Alidhani Mola aliyetoa ameamua kuchukua. Mama Qali, mama yake Yarrow, alipokuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia, alimkuta ameketi juu ya msala muda mrefu baada ya adhuhuri, macho mekundu.

"Nini, binti yangu?"

"Yanakauka, Hooyo, mama yangu. Na mimi nayatunza hivyo!"

"Unayatunzaje?"

Rukiyo akaeleza. Bibi kizee akaweka kibuyu chini polepole. "Nani kakwambia ziwa ni silanga? Ulipokuwa msichana hamkuchimba kisima katika mchanga wa laga, mto ulipokauka?"

"Tulichimba."

"Mkikaa siku mbili bila kuchota, mlikuta nini?"

Rukiyo akawaza. "Mchanga umejifukia. Maji yamekwenda zake."

"Na mkichota kutwa kucha?"

"Yalizidi kuingia."

"Basi hayo! Hata mbuzi anajua kwamba asiyekamuliwa hukauka, wewe uliyesoma hujui. Lete simu." Akazungumza na muuguzi kwa Kiswahili chake: "Daktari, hii binti yangu amefunga kisima! Nimeambia yeye achote."

Mwende alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, umesema sawa kabisa. Dada, rudi mara nane, na leo uanze. Kosa ni langu pia, nilikupa saa bila kukupa sababu."

Kuanzia hapo Mama Qali hakurudi nyumbani kwake, akahamia kwa Rukiyo. Kila saa tatu aligonga kibuyu kwa fimbo yake, "Kisimani!", na Rukiyo akaenda. Kilichopotea kwa siku kumi kilirudi kwa wiki mbili.

Mapacha walitangulia hesabu kwa siku sita. Hinda alijifungulia Garissa salama, na alasiri ile ile akamkabidhi Rukiyo pacha wa pili. Rukiyo alikuwa na finjani moja kwa siku, haizidi. "Atakufa njaa?" aliuliza.

"Tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni kama kunazi," alisema Mwende. "Baadaye tutamwongezea kwa kikombe. Leo na kesho, wewe utatosha."

Mama Qali akaketi kando, kokwa za tende kiganjani. Mtoto aliponyonya na kuliacha ziwa mwenyewe, midomo imelegea, aliweka kokwa moja mkekani. Ikawa ya pili, na ya tatu. Mara ya nne mtoto alivuta mara mbili akasinzia.

"Iweke, Hooyo," alinong'ona Rukiyo.

"Amelala, hajashiba. Unataka nimshuhudie Mola kwa usingizi?" Kokwa ikabaki kiganjani.

Ya nne ilihesabiwa asubuhi ya pili, na ya tano kabla ya adhuhuri. Mtoto aliliachia ziwa, akashusha pumzi. Mama Qali akaiweka kokwa ya mwisho, akajipangusa uso kwa ncha ya shuka.

Mlangoni sauti ya Mahat ikatoa salamu. Amekuja kumwona mwanawe. Rukiyo alivuta mtandio upesi, akafunika kifua na nywele, kama sheria itakavyo mbele ya shemeji.

Ndani ya mtandio, mkono mdogo ulikuwa umeshika msuko wake mmoja. Hakuutoa.