Nje, Hata Kukiwa na Baridi

Asubuhi ile wingu lilishuka mpaka likakaa juu ya paa la skuli. Kule Jabal Akhdar, milimani Omani, juu kabisa ya mji wa Nizwa, hilo si jambo geni mwezi wa Januari, lakini siku hiyo lilikuja na upepo, na upepo ukaja na baridi ya kukata masikio. Maji ya kwenye ndoo iliyoachwa uani yalikuwa yamefanya utando wa barafu juu.

Zamu ilikuwa ya Mwalimu Mabruka. Kengele ya mapumziko ikilia, yeye ndiye wa kuwatoa watoto wote madarasani na kufunga milango kwa ufunguo. Sheria hiyo aliiweka mkuu wa skuli, Bi Khulood, mwaka uliopita, baada ya mtoto mmoja kubaki darasani peke yake na kuangukia hita ya umeme. Mkono uliungua vibaya, na baba wa mtoto alikuja skuli akasema maneno ambayo Bi Khulood hakuyasahau. Tangu hapo hakuna mtoto kubaki ndani bila mwalimu, na kwa kuwa walimu nao walitaka kupumzika, ikawa hakuna mtoto kubaki ndani kabisa. Liwe jua, uwe upepo, wote nje.

Kabla ya kengele Mabruka alikwenda ofisini.

"Leo tuwaache ndani, abla," alisema, kwa jina waitwalo walimu wa kike huko. "Nitakaa nao mimi."

Bi Khulood alikuwa amejifunga shali nene, mikono imekizunguka kikombe. "Utakaa na darasa lako. Na madarasa mengine nani atakaa nayo?"

"Tutagawana."

"Nimewauliza walimu wenzio mwezi uliopita. Hakuna aliyenyanyua mkono." Alikunywa funda moja. "Mabruka, yule mtoto mpaka leo mkono wake haunyooki. Mimi sitaki kuona jambo lile tena. Na hawa ni watoto wa mlimani, wamezoea. Wewe uliyekulia Ibra ndiye unayetetemeka."

Aliyasema kwa upole, na ilikuwa kweli. Mabruka alikulia Ibra, kwenye joto, katika nyumba ya watu waliotoka Pemba, ambako mama yake mpaka leo humsemesha Kiswahili. Aliletwa mlimani na ndoa. Alitabasamu kidogo, akaenda kupiga kengele.

Alipokuwa akifunga darasa la tatu, mwanawe Azza alimvuta joho. Alikuwa na miaka minane, na akiwa skuli humwita mama yake abla kama wenzake wote, lakini mara hii alisahau.

"Mama, vidole vinaniuma."

"Nenda ukimbiekimbie na wenzio. Utapata joto."

Azza alimtazama, halafu akaondoka na rafiki zake wawili, Maram na Wasan, wameshikana mikono. Wingu liliwameza kabla hawajafika katikati ya uwanja.

Mabruka alizunguka mle uwanjani muda wote wa mapumziko. Watoto hawakucheza. Walijibanza kwenye kuta kama mbuzi waliokimbia mvua, na kila alipopita waliuliza kama kengele imekaribia. Wingu lilikuwa zito hata ukuta wa pili hauonekani. Alisikia sauti za watoto lakini hakuweza kujua ni za nani.

Kengele ilipolia walijipanga mstari. Darasa la tatu lilikuwa na upungufu. Alihesabu, akahesabu tena kwa kuwagusa vichwa.

"Azza yuko wapi? Maram? Wasan?"

Watoto walitazamana. Msichana mmoja alisema labda wako msalani. Hawakuwa msalani. Mabruka alikimbia kuzunguka majengo, na nyuma ya skuli akaliona geti dogo la kupitishia mpira wa gari la maji. Lilikuwa wazi.

Nje ya geti lile kuna matuta ya mashamba ya mikomamanga, moja chini ya jingine, yanashuka kama ngazi. Ngazi ya mwisho inaishia hewani. Chini yake ni bonde ambalo ukitupa jiwe husikii linapoanguka.

Alishika nguzo ya geti akaita jina la mwanawe, na sauti ikapotea mle ndani ya wingu kama imefunikwa na blanketi. Akaita tena. Alishuka tuta la kwanza, mawe yakiteleza chini ya viatu vyake. Kwenye tuta la pili aliona kitu chekundu kimenasa kwenye tawi, akakikimbilia kwa mikono na magoti. Ulikuwa mfuko wa plastiki.

Dereva wa basi la skuli, mzee Amur, alikuwa amekwisha kuja nyuma yake.

"Rudi juu, mwanangu," alimwambia. "Mimi nayajua matuta haya toka utoto. Kama wameshuka nitawapata. Wewe kaite watu."

Hakusema itakuwaje kama wameshuka na kupita tuta la mwisho. Mabruka aliona kwamba naye amelifikiria.

Alirudi akikimbia, magoti yanachuruzika damu. Walimu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi, Bi Khulood katikati yao na simu sikioni, anaita polisi. Nyuma yao, mlangoni, alisimama Tumu, mfanyakazi wa usafi, kijana wa Tanga aliyeletwa na kampuni. Alikuwa ameshika sinia la vikombe. Mtu fulani alikuwa akimweleza kwa Kiarabu chepesi kwamba watoto watatu wamepotea, na vikombe vilianza kugongana.

Mabruka alivisikia vile vikombe. Akamwendea.

"Tumu, umewaona?" alimwuliza kwa Kiswahili.

Macho ya Tumu yalikwenda kwa Bi Khulood, yakarudi.

"Tumu. Mmoja wao ni mwanangu."

"Stoo," alisema Tumu. "Niliwatia stoo, Bi Mabruka. Walikuwa wanalia kwa baridi. Kengele imelia, nikajua wametoka. Mule kuna seredani."

Wengine hawakuelewa neno hata moja. Mabruka alielewa, na woga aliokuwa nao kwenye matuta ukawa mdogo mbele ya huu mpya. Seredani, jiko dogo la mkaa, ndiyo iliyokuwa ikichemsha chai ya walimu siku ambazo umeme wa mlimani unakatika, kama siku hiyo. Walimu wote waliijua. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha kuwekea mifagio, na kidirisha chake Tumu alikiziba kwa boksi tangu baridi ilipoanza.

Walikimbia wote wawili. Mlango wa chuma haukuwa umefungwa kwa ufunguo, lakini haukufunguka. Kitu kilikuwa kimeuzuia kwa chini. Mabruka aliupiga kwa bega, akaupiga tena, na Tumu akaja na bega lake, mpaka ukasogea. Tambara la kupigia deki lilikuwa limesokomezwa chini ya mlango, kwa ndani. Watoto wenyewe walikuwa wamelisokomeza ili upepo usipite.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Wasichana watatu walikuwa wameketi kuizunguka seredani, wameegemeana, kama watu waliopitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo. Moshi haukuonekana, kwani sumu ya mkaa haionekani. Mashavu yao yalikuwa mekundu, ya afya, kama ya watoto waliotoka kuoga maji ya moto. Mabruka hakuwahi kuona kitu cha kutisha kama mashavu yale.

Waliwavuta nje, wakawalaza kwenye saruji yenye maji. Maram alitapika. Wasan alifungua macho, akaanza kulia bila sauti. Azza hakufanya lolote. Mabruka alimtikisa, akampiga makofi, akamwita kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kichwa cha mtoto kikawa kinakwenda huku na huku.

"Sogea," alisema Bi Khulood.

Mabruka hakumwona alipofika. Mkuu wa skuli alipiga magoti kwenye maji, akamnyanyua Azza kidevu, akaweka sikio lake juu ya mdomo wa mtoto. Kisha akaanza kumpulizia pumzi. Alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza baada ya ile ajali ya hita, alikwenda mwenyewe Nizwa kujifunza. Alipuliza, akatazama kifua, akapuliza. Shali lilimdondoka, hakuliokota. Tumu alikuwa amesimama ukutani, mikono mdomoni.

"Anavuta," alisema Bi Khulood mwishowe. "Kidogo. Lete gari."

Kwenye kituo cha afya waliwavisha wote watatu vipumulio vya oksijeni. Maram na Wasan walipata nafuu upesi. Azza alikuwa anapumua lakini haamki, na daktari akasema lazima ashushwe hospitali kubwa.

"Alikaa mle muda gani?" daktari aliuliza.

"Sijui."

"Kadiria."

"Sijui," alisema Mabruka. "Mimi nilikuwa nje, namtafuta."

Barabara ya kushuka kutoka Jabal Akhdar ni mteremko mkali, na kando yake kuna njia za mchanga za kuokolea gari lililokosa breki. Siku hiyo dereva wa gari la wagonjwa hakuona hata alama za barabarani. Alikwenda taratibu mno, kisha kwenye kona akawa kama anakwenda kasi mno. Mabruka alishika mguu wa mwanawe, kwa kuwa mikono ilikuwa na mipira na sindano, akasoma kila aya aliyoihifadhi, na zikichanganyika akaanza upya. Katikati ya mteremko Azza alifungua macho. Alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana, akayafumba tena. Mabruka akaacha kusoma. Hakuweza.

Walitoka kwenye wingu ghafla, karibu na Birkat al-Mauz, jua likaingia dirishani. Mtoto alikunja uso.

"Mama," alisema ndani ya kipumulio. "Kichwa kinauma."

Mabruka aliweka paji la uso juu ya ule mguu mdogo, akabaki hivyo mpaka Nizwa, ambako mumewe Humaid alikuwa akiwasubiri kwenye lango la hospitali.

Kesho yake simu yake ililia. Alikuwa Tumu.

"Shikamoo, Bi Mabruka. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaongea. Amekula."

Tumu alilia kidogo, akajizuia. "Kampuni wameniambia nikusanye vitu vyangu. Sikukupigia kwa hilo. Nimetaka ujue tu kwamba nilikuwa narudi kuwaangalia. Nilipeleka chai ofisini, abla mkubwa akaniambia nipige deki, mtu alikuwa amemwaga maziwa. Nikaogopa kumwambia nina watoto stoo."

Mabruka alimfunika mwanawe shuka vizuri. Azza alikuwa amelala kwenye kitanda mbele yake.

"Jana ningekuwa na nafasi ningekupiga, Tumu."

"Najua."

"Hata leo sijui."

"Najua, Bi Mabruka."

Jioni Bi Khulood alikuja hospitali na kikapu cha matunda. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. Walipotoka nje verandani alisema wakaguzi wa idara ya elimu watakuja skuli, na kwamba yeye atawaeleza kuwa mfanyakazi wa usafi aliwasha moto chumbani bila ruhusa. Hakuwa akiomba. Alikuwa akimtazama Mabruka usoni, kama anayepima daraja kabla ya kulikanyaga.

Mabruka aliogopa tena, woga wa aina nyingine. Aliyefunga madarasa kwa ufunguo ni yeye. Aliyemwambia mtoto akakimbiekimbie ni yeye. Akinyamaza, yote yatamwangukia Tumu, naye Tumu atapanda ndege, na hakuna atakayeuliza zaidi.

"Ile chai tuliinywa sote, abla," alisema. "Wakiniuliza nitawaambia hivyo. Na nitawaambia nani alifunga milango."

Bi Khulood alishika kitasa cha mlango wa veranda muda mrefu. Kisha akaondoka.

Wakaguzi walipokuja, Mabruka aliitwa kwanza. Alieleza kama alivyosema ataeleza. Hakuwa amemtaja Bi Khulood. Lakini alipomaliza, Bi Khulood, aliyekuwa ameketi pembeni, alisema bila kunyanyua macho, "Aliniomba asubuhi ile tuwaache ndani. Mimi ndiye niliyekataa."

Sheria ilibadilishwa wiki ile ile. Siku za baridi kali watoto hubaki madarasani na walimu hupokezana, wapende wasipende. Seredani iliondolewa skuli. Bi Khulood alipewa onyo, akabaki. Tumu hakurudishwa kwao. Kampuni ilimhamishia skuli nyingine, chini Al Qabil, kwenye joto. Kabla ya kuondoka alikuja nyumbani kwa Mabruka kuaga, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa maji nusu gilasi. Azza alimpa mkono. Mabruka alimsindikiza mpaka garini.

Wingu lilirudi mwezi wa Februari. Kengele ililia, watoto wakabaki kwenye viti vyao, wakitoa mikate na juisi. Azza aliinuka akaenda kufungua mlango wazi kabisa. Tangu atoke hospitali hakai chumba kilichofungwa, hata kulala hulala mlango wazi.

"Baridi inaingia, abla," alilalamika mtoto wa mbele.

"Naijua," alisema Mabruka. "Vaeni makoti."

Akavuta kiti chake, akakaa mle mlangoni, kati ya watoto na upepo.