Mbolea Yetu Shambani kwa Emmanueli

Mahindi yangu yalikuwa yamefika magotini na yalianza kugeuka njano. Wiki hiyo mvua ilinyesha vizuri. Kila mkulima wa kilima chetu, juu ya Karatu mjini, anajua kwamba usipoweka mbolea ya kukuzia wakati huo, utavuna magunzi.

Mbolea sikuwa nayo, na kosa lilikuwa letu pia. Siku ya kuandikisha wakulima wa ruzuku, afisa ugani alitaka kila mtu atoe namba yake ya simu. Tukamcheka. Sisi wanawake kumi na mmoja tunalima pamoja, leo kwako, kesho kwangu; namba kumi na moja za nini? Tukaandikisha moja, ya Emmanueli, mdogo wa marehemu mume wangu, maana ndiye katibu wa kikundi na nyumba yake inapata mtandao. Sehemu yetu ya bei tukamkabidhi. Namba za siri za kuchukulia mbolea zilipotumwa, zote ziliingia kwake.

Nilimfuata.

"Shemeji, mbolea?"

"Wakala hana mzigo, Lusia. Vumilia."

Wiki ya pili akasema mfumo unasumbua. Ya tatu akaniambia, "Una haraka kama unayekwenda kuolewa."

Jumatano akapita nyumba kwa nyumba kutualika kazi. "Kesho mje na ndoo na visoda," alisema, bila hata kuona haya. Kisoda, kizibo cha chupa ya soda, ndicho kipimo chetu cha mbolea, kimoja kwa kila shina. Kwa hiyo mbolea alikuwa nayo. Na alijua tutakwenda, kwa sababu kwetu mwaliko wa kazi haukataliwi. Ukikataa, msimu mzima hakuna jembe litakaloingia shambani kwako.

Tulikwenda. Mifuko ilipangwa kando ya shamba lake, ina alama ya ruzuku. Sabina, mkubwa wetu, aliigusa mmoja mmoja.

"Sita. Tulilipia kumi na mmoja."

"Mitano niliuza, mama. Usafiri, usumbufu, mambo ya katibu," Emmanueli alisema. "Mtapata msimu ujao. Fanyeni kazi, nyama iko jikoni."

"Nyama kale wewe. Meno unayo," Sabina akamjibu.

Nikajaza ndoo, nikajitwika, nikaingia mstari wa kwanza. Sikuinama. Nilitembea mpaka mwisho wa mahindi yake, nikaruka mfereji, nikashika njia ya kwangu. Nyuma nikasikia miguu ya wenzangu.

"Lusia! Shamba linaishia hapo!"

"Lako ndilo linaishia hapo, shemeji."

"Nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Huu ni wizi."

"Nenda," Sabina alimwambia akiwa na ndoo kichwani. "Sema ni mbolea ya nani. Tutakusindikiza, sote kumi na mmoja."

Hakwenda. Alisimama akitutazama tukirudi kujaza tena, mpaka mifuko ikabaki mitupu.

Mifuko sita haitoshi watu kumi na mmoja. Nilipiga kisoda shina kwa shina, na ndoo ikaisha nikiwa katikati ya shamba. Mistari ya chini bado ni njano. Anayepita njiani akiniuliza mahindi yale yana ugonjwa gani, namtajia jina la aliyeuza mbolea yetu, na jina la baba yake.