Koti la Kijani Dirishani

Hester Gallimore alimwambia mumewe alipake koti la pichani rangi ya buluu. Buluu. Alimwambia kwa mdomo na akamwonyesha kwa kidole. Lakini asubuhi alipofungua duka lake la picha pale mtaa wa Cheapside, dirisha zima limejaa picha mpya ya kejeli: tajiri mnene wa benki anatafuna sarafu za dhahabu kama biskuti, na koti lake kijani kibichi.

"Buluu ilituishia," mumewe, Jabez, akasema, kikombe cha chai mkononi. "Kijani kilikuwepo. Koti ni koti, Hester."

Koti si koti. Picha yenyewe haikumlenga mtu. Majira yale ya baridi benki zilikuwa zinaanguka ovyo, na watu wa London walipenda kuzicheka kabla hazijawaliza. Ila mwenye benki anayevaa kijani kibichi, iwe jua iwe theluji, alikuwa mmoja tu, Bwana Thurlby, na benki yake ilikuwa mtaa huohuo. Thurlby ndiye aliyemkopesha Hester alipofiwa na mume wa kwanza, wakati wengine wote walimshauri auze duka akaolewe. Na akiba yake yote, aliyojinyima miaka nenda rudi ili alinunue jengo lile aache kulipa kodi, ilikuwa kwa Thurlby.

"Katafute buluu," akamwambia. "Sasa hivi."

Jabez akavaa kofia akaenda. Alirudi kwa mlango wa nyuma, amechelewa, hana buluu. Eti mji mzima hakuna.

Kufikia hapo watu walikuwa wamejazana dirishani.

"Ni Thurlby huyo."

"Si unaona koti? Kumbe naye mkavu tu."

Na mbele ya benki foleni ilishaanza kujipanga, kila mtu anadai amana yake, tena kwa dhahabu.

Hester akaingiza mkono dirishani akaiondoa picha. Laiti angeiacha. Mji ule kila mtu anajua picha haitoki dirishani bure. Mwenye sura huja kwa siri, akalipa, ikatolewa.

"Ameshalipa," akasema muuza chaza. "Mtu asiye na lake analipia nini?"

Foleni ikarefuka. Hester akairudisha picha.

"Mnaona?" muuza chaza akasema. "Hata hela ya kulipia imemwishia."

Hester alitamani kumrushia chaza zake moja moja.

"Basi lipake liwe jekundu," Jabez akashauri.

"Jekundu ni la Bwana Ashcombe, mwenye benki ya pale kona."

"Basi la kahawia."

"Jabez, nakuomba. Nyamaza."

Na picha zinanunuliwa kama mikate, hilo ndilo lililomkera zaidi. Mwisho akakusanya mauzo yote ya asubuhi kwenye aproni, akatoka nje. Kama watu wanaamini macho yao, basi wamwone mwenye picha mwenyewe akiweka pesa kwa Thurlby.

"Huyo anakuja kutoa chake," mtu akasema kwenye foleni.

"Nakuja kuweka," Hester akajibu kwa sauti. "Ningejua benki ni mbovu, ningeweka?"

Watu wakatazamana. Bi Trudgill, mjane mwenye nyumba za kupangisha, aliyekuwa mbele kabisa, akampisha apite.

Thurlby alikuwa kaunta mwenyewe. Maskini, alikuwa ameazima koti la kahawia la karani wake, na hilo nalo lilimponza, maana walisema anajiandaa kutoroka. Akaziangalia pesa, asiziguse.

"Bi Gallimore, hesabu yenu imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mumeo. Tulipofungua mlango tu. Alikuwa wa kwanza." Hakuinua sauti, lakini chumba kizima kilisikia. Kwa sheria pesa za mke ni za mume, kwa hiyo asingeweza kumkatalia.

"Unatufanya watoto, Bi Gallimore," Bi Trudgill akasema nyuma yake. "Picha tuliicheka tu. Tulipomwona aliyeipaka anatoka hapa na mfuko, ndipo tulipokimbilia foleni."

Hester alirudi dukani uso unamwaka. Mfuko ulikuwa chini ya meza, umefunikwa na matambara ya rangi.

"Nimetuokoa, mke wangu," Jabez akasema. "Nilipomaliza kulipaka koti nikajua watu watasema ni Thurlby. Nikawahi."

"Ulijua."

"Nilijua baadaye."

"Na picha ukaziacha dirishani."

"Zilikuwa zinauzika."

Nguvu za kupiga kelele Hester hakuwa nazo tena. Alichoka na mtu huyu mpaka mifupani.

"Beba," akasema.

"Wapi?"

"Ulikozitoa."

"Na benki ikianguka?"

"Itaanguka na sisi tumo."

"Hester, una wazimu. Tena kwa sheria pesa hizi ni zangu."

"Ndiyo maana unabeba wewe."

Wakapita katikati ya barabara, Jabez mbele amekumbatia mfuko, mkewe nyuma, muuza chaza ameacha kuuza anatazama. Walipofika kaunta, Jabez akauweka mfuko lakini mikono ikagoma kuuachia. Hester akambandua kidole kimoja kimoja, mbele ya watu wote, ingawa alichojinyima maisha yake yote kilikuwa mle ndani. Thurlby akaanza kuhesabu.

Hakuna aliyeondoka. Bi Trudgill akamsogelea Jabez, akamtazama usoni.

"Wewe bwana. Unaweka kwa hiari yako?"

Jabez akautazama mfuko, akautazama mlango.

"Naweka," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Bi Trudgill akafikiri kidogo, halafu akafunga shali yake. "Basi zangu nazo zilale humu, nitakuja kesho," akasema, akatoka, na wawili waliokuwa nyuma yake wakamfuata.

Hester hakugeuka kuona wamebaki wangapi. Bado alikuwa amelikamata dole gumba la mumewe, maana Thurlby alikuwa hajamaliza kuhesabu.