Msamaha wa Mdomo Tu

Mwanamke aliyeingia karakana asubuhi ile hakubisha hodi. Alisimama katikati ya maranda, mwavuli kwapani, akamtazama baba yangu aliyekuwa amepiga magoti mbele ya mlango mpya, akiutukana ukuta.

"Ukuta umekukosea nini, fundi?" aliuliza.

Baba hakugeuka. "Si ukuta. Ni shetani aliye nyuma yake."

Nikamwonyesha mgeni ule mlango. Vanishi tuliyokuwa tumeipaka punde tu ilikuwa imenasa unga wa mbao, mlango ukafanana na uso uliopakwa poda kwa haraka. Jirani yetu, tuliyetenganishwa naye kwa ukuta wa mbao usiofika darini, alikuwa na mazoea hayo: akinusa vanishi yetu, anawasha msumeno wake wa umeme. Milango ilikuwa ya zahanati mpya. Wenyewe walishaikataa mara moja kwa sababu ya vumbi, wakasema wakiikuta hivyo tena kazi wanampa fundi mwingine. Bila kazi ile, baba angefunga karakana.

"Basi mimi ndiye mwenye jengo sasa," mgeni alisema. "Wapangaji wa juu wananiambia nyinyi wawili mnatukanana mpaka watoto wao wameshajifunza. Ijumaa nakuja. Mtaombana msamaha mbele yangu, la sivyo mtatoka wote wawili."

Akapita upande wa pili, akasema maneno yaleyale. Tuliyasikia yote. Ukuta ule haukuwahi kuficha kitu.

Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimehitimu chuo, somo la usuluhishi wa migogoro, na tangu nirudi nyumbani mgogoro pekee niliosuluhisha ulikuwa kati ya msasa na mbao. Tena jirani yule sikukua nikimjua kama adui. Nilimwita Baba Mdogo. Ndiye aliyesimama kando ya baba siku ya harusi yake. Walianza karakana pamoja, wakinywa chai kwa kikombe kimoja. Kisha baba akalazwa hospitali, na huku nyuma Baba Mdogo akamwendea mteja wetu mkubwa, mwenye duka la samani, akamwambia mbao za baba zina wadudu. Baba aliporudi alikuta ukuta umesimama katikati ya chumba, na mteja yuko upande wa pili. Baba naye hakukaa kimya. Aliutangazia mtaa mzima kwamba vitanda vya mwenzake havimalizi fungate.

Jioni ile nilimkalisha baba chini.

"Baba, Ijumaa mwambie unachohisi kweli."

"Nikimwambia ninachohisi kweli, tutalala nje."

"Basi tafuta moyoni, hata kidogo tu."

"Nimeshatafuta, mwanangu. Hamna kitu humo." Akauona uso wangu, akalegea. "Haya, msuluhishi. Nitajitahidi. Kwa ajili yako."

Kesho yake nikaenda upande wa pili.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nataka msamaha wenu uwe na kitu cha kushikika. Baba akipaka vanishi, atatundika kitambaa juu ya ukuta. Ukikiona, unazima mashine mpaka kitolewe."

"Kitambaa tu?"

"Kitambaa tu."

"Umekua," alisema. "Sawa."

Ijumaa mwenye jengo aliketi kwenye kiti ambacho hakijatiwa mgongo, wapangaji wa juu wakajazana mlangoni. Baba Mdogo alianza. "Kaka, nilikukosea. Shetani alinipitia. Naahidi mbele ya hawa wote, nikiona kitambaa chako, nazima mashine." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Baba akajibu, sauti ikitetemeka, "Nami nilikuvunjia heshima. Nisamehe, mdogo wangu. Sitalitaja tena jina lako vibaya mtaani." Wakashikana mikono. Mimi nililia mpaka mpangaji mmoja akanipa leso.

Mchana nikampelekea Baba Mdogo chai ya shukrani. Nilikuwa bado mlangoni nilipomsikia akizungumza kwa simu, akicheka.

"Nimemwaga chozi moja, mama mwenye jengo akaamini! Nimsamehe yule? Labda akishazikwa. Na hapo nitafikiria kwanza."

Nilirudi na chai yangu. Baba alikuwa akinoa patasi. Nilimweleza yote, nikategemea atapandwa na hasira, atupe kitu chini. Aliendelea kunoa.

"Ulitegemea nini?" aliuliza.

"Lakini wewe ulimaanisha! Sauti yako ilitetemeka."

"Ilitetemeka kwa hasira. Kumwita yule mdogo wangu kulinikwama kooni."

Nikaweka kikombe chini. "Kwa hiyo umemdanganya."

"Hapana. Yeye anajua. Na mimi najua kwamba anajua. Wewe peke yako ndiye..." Akanyamaza.

Alichelewa kunyamaza. Watu wawili walionibeba nikiwa mtoto walikuwa wamekubaliana jambo bila kulisema, na katika chumba kizima aliyedanganywa nilikuwa mimi niliyewapatanisha. Baba Mdogo sikuwa namdai mengi. Baba yangu ndiye aliyeniuma. Siku zilizofuata nilimsalimia na kumpa vifaa, basi.

Wiki iliyofuata tulisugua milango yote upya. Vanishi iliyobaki ilitosha kupaka mara moja tu. Baba akaniambia nitundike kitambaa.

"Cha nini? Si mlikuwa mnaigiza?"

"Tundika. Alisema mbele za watu."

Nikatundika, nikijua nafanya upuuzi. Tulikuwa mlango wa pili lori liliposimama nje. Sauti ya mwenye duka la samani ikaja juu ya ukuta, yuleyule mteja aliyetuhama.

"Mbao za vitanda hizo. Kata upesi, gari linasubiri."

Nilikaza mkono kwenye brashi. Baba aliendelea kupaka, akivuta brashi taratibu toka juu hadi chini.

"Siwezi sasa hivi," Baba Mdogo alisema. "Labda jioni."

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Jirani anapaka vanishi."

"Jirani yupi? Yule wa mbao za wadudu?"

"Huyohuyo."

"Kumbe mmepatana!"

"Tupatane wapi! Hata kivuli chake sikipendi."

"Basi washa mashine, bwana!"

"Nilisema nitazima. Nilisema mbele za watu, na mtoto alikuwepo. Njoo, tuzipeleke uani nikukatie kwa mkono."

Mteja alicheka. "Lori zima kwa mkono? Nawapelekea wengine. Na nikishawazoea, usinitafute."

"Wapelekee."

Milango ya lori ikabamizwa, likaondoka. Brashi ya baba ilikuwa imesimama katikati ya ubao. Kisha sauti ikapasuka nyuma ya ukuta.

"Paka upesi, mnafiki wewe! Umeniponza!"

Baba akachovya brashi. "Vanishi haikimbizwi, we kibaraka wa lori! Kaa hapo usubiri!"

"Nasubiri! Nikufanyeje?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amekunja uso kama siku zote, ila alifuta tone la vanishi sakafuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mimi bado nilikuwa na uchungu nao wote wawili. Nikainama nikautazama mlango wa kwanza dhidi ya mwanga wa dirishani. Hapakuwa na hata punje ya vumbi.

"Asante, Baba Mdogo," nikasema kwa sauti.

Alikohoa tu, akavuta kiti chake. Jua lilihama dirisha moja hadi jingine, vanishi ikakauka polepole, na muda wote huo msumeno haukuwashwa.