Helikopta ya Mwalimu wa Udereva

Mwalimu wa udereva alikuwa na miaka hamsini na minne, kitambi cha wastani na mjukuu wa miezi mitano. Kwa hiyo Jumamosi alipojikuta amesimama dukani mbele ya rafu ya helikopta za rimoti, maelezo alikuwa nayo tayari: anamnunulia mjukuu. Mtoto mwenyewe alikuwa hawezi hata kukaa bila kuegemezwa, lakini mwalimu alijitia halioni hilo. Ukweli ni kwamba wiki mbili nyuma alimwona mstaafu mmoja akirusha helikopta uwanjani, karibu na pale anapowafundisha watu kurudi kinyumenyume. Macho yakamtoka, akasahau kumwambia mwanafunzi wake ashike breki. Waligonga pipa la takataka. Tangu siku hiyo hamu haikumbanduka.

"Shikamoo, mzee," alisema muuzaji, binti mwenye miwani mikubwa na kalamu sikioni. "Umewahi kurusha?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Mtu aliyekaa miaka ishirini na mbili akiwasihi watu wasione haya kusema hawajui, alikohoa kidogo, akapandisha suruali, akajibu, "Marahaba. Kidogo kidogo. Zamani."

Muuzaji alimshushia helikopta ndogo ya rangi ya chungwa, inayoenea kiganjani, yenye mapanga ya ghorofa mbili yanayozunguka kila moja upande wake. "Hii haina papara. Ukiilegezea mkono, inatulia yenyewe hewani. Bei nafuu, na ndani ya boksi kuna mapanga ya akiba."

Mwalimu aliitazama kama mtu mzima aliyeandaliwa chakula kwenye kisahani cha mtoto. Moyo wake ulishahamia rafu ya juu, kwenye nyeusi moja ndefu kama mkono, yenye panga moja kubwa na mkia mwembamba. "Na ile?"

"Ile ni ya waliozoea. Ina hasira, halafu bei yake mara nne ya hii."

"Nifungie hiyo hiyo."

Nyumbani aliipeleka uani. Mkewe, muuguzi aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, alikuwa ameketi pale na miguu yake ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

"Hiyo ni ya mtoto?"

"Akikua ataikuta."

"Haya," alisema mkewe, akatazama saa yake ya kazini.

Helikopta ilinguruma, ikainuka taratibu mpaka usawa wa dirisha. Mwalimu akavimba kichwa. Kwa muda mfupi alikuwa rubani. Kisha ikamgeukia uso. Akasukuma kijiti cha rimoti kushoto, nayo ikaenda kulia. Akasukuma zaidi, ikazidi kukimbia. "Kushoto! Nimesema kushoto!" alifoka kwa sauti ile ile ya kazini, na mguu wake wa kulia ukakanyaga ardhi kwa nguvu zote. Helikopta ilipita kwenye kamba ya nguo, ikabeba soksi, ikajibamiza ukutani. Mkia ukaangukia huku, panga kule.

"Sekunde kumi na moja," alisema mkewe. "Na huo mguu ulikuwa unakanyaga nini?"

Alifikiria kudanganya, akaona atajichosha bure. "Breki."

Mkewe aliangua kicheko, mbavu hana, mpaka maji yakamwagika. Mwalimu alijaribu kununa, akashindwa. Angekuwa ni mwanafunzi wake aliyefanya vile, angeshamshusha garini zamani.

Jumatatu alirudi dukani na mabaki ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji alichungulia ndani, akachungulia na uso wa mteja.

"Mzee, ile zamani uliyorusha ilikuwa lini?"

"Jumamosi."

Binti aliing'ata kalamu ili asicheke. Halafu akamshushia ile ya rangi ya chungwa bila kuulizwa. Safari hii mwalimu aliomba karatasi, akaandika kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Chumba kisiwe na feni inayozunguka. Mkia ukuelekee wewe, ili kushoto kwake kuwe kushoto kwako. Usiende popote, jifunze kwanza kuituliza sehemu moja.

"Na ikinigeukia uso?"

"Ishushe chini, uanze upya. Hakuna atakayekucheka."

"Humjui mke wangu."

Wiki nzima sebule iligeuka uwanja wa ndege. Aligonga pazia, akagonga taa, akagonga na paji la uso wake mwenyewe. Kila baada ya dakika saba za kurusha betri iliisha, na kila baada ya dakika saba alishukuru. Siku ya sita jioni ile ndogo ilipanda juu ya meza, ikatikisika kidogo, ikatulia. Mwalimu hakuthubutu hata kumeza mate. Machozi yalimlengalenga, akasingizia upepo wa mapanga.

Mkewe aliingia na mkoba begani. "Leo tume..."

"Usiongee, mama watoto. Tafadhali."

Mkewe akasimama hapo hapo mlangoni, mpaka helikopta iliposhuka yenyewe juu ya zulia.

"Imekaa!" alisema. "Nipe na mimi."

"Betri imeisha. Ni dakika arobaini kuchaji."

"Basi tusubiri."

Akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya mumewe, wakaanza kukikodolea macho kile kitaa chekundu cha chaja.