Uso wa Vinko

Vinko alipopatwa na kiharusi, maneno yote yalimtoka isipokuwa moja: ndiyo. Ukimuuliza kama anataka supu, ndiyo. Ukimuuliza kama supu imemuunguza ulimi, ndiyo. Sauti ilikuwa ileile, haipandi wala haishuki. Ili kujua anamaanisha nini ilibidi umtazame usoni, na katika jengo letu zima, asiyeweza kuuona uso huo alikuwa mkewe, Nevenka.

Macho ya Nevenka yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni aliona vizuri tu. Alishuka ngazi bila kushika ukuta na alijua tramu inapokuja. Lakini chochote alichokikazia macho kilimezwa na doa la kijivu. Akikutazama, aliona masikio na mabega yako, hapo katikati hakuna mtu. Madaktari wetu hapa Osijek walimwambia ugonjwa umefika mbali, hauna dawa tena.

Mimi nakaa ghorofa ya chini yao. Siku binti yao Jasna alipoleta habari ya kumpeleka baba yake nyumba ya kutunzia wazee, nilikuwa jikoni kwao, tunakata vitunguu vya mchuzi wa samaki.

"Nimemuuliza baba," Jasna alisema. "Anataka kwenda."

"Kwani alijibu nini?"

"Alisema ndiyo."

"Hata ukimuuliza kama yeye ndiye papa wa Roma atakwambia ndiyo."

"Niliuona uso wake, mama. Wewe hukuuona."

Nevenka aliweka kisu chini taratibu. Nilitamani niwe kwangu.

"Basi nitauona," akasema.

Kumbe alishasikia redioni habari za daktari mmoja wa Zagreb, mama aitwaye Lovrić, anayetoa lenzi ya jicho na kupachika darubini ndogo kama punje ya njegere. Darubini hiyo inakuza picha hadi ienee nje ya lile doa, pale ambapo jicho bado li hai. Inawekwa jicho moja tu. La pili linaachwa lilivyo, la kutembelea.

Jasna hakutaka kusikia. "Jicho likiharibika halirudi, mama. Nitabaki na wagonjwa wawili."

"Unaogopa kazi?"

"Naogopa. Basi."

Wakanuniana. Jasna alikubali kukaa na baba yake, ila siku ya safari hakutoka hata mlangoni kutuaga. Nilikwenda na Nevenka mimi.

Yaliyotokea chumba cha upasuaji alinisimulia mwenyewe. Moyo wake haukuruhusu usingizi wa dawa, kwa hiyo alichomwa ganzi kando ya jicho, akawa macho muda wote, amefunikwa kitambaa, akisikia vyuma vikigusana. Daktari alikuwa amemwonya mapema: tundu la kupitishia darubini ni kubwa, na likiwa wazi, kikohozi kimoja tu kinaweza kupasua mshipa nyuma ya jicho na kusukuma kila kitu nje.

Kikohozi kilimjia darubini ikiwa nusu ndani.

Kilianza kama unywele kooni. Akameza mate. Kikapanda.

"Daktari," alisema bila kusogeza kidevu, "nataka kukohoa."

Nevenka alisikia tu mashine ikihesabu moyo wake, na mlio ukaanza kwenda mbio.

"Siwezi kuitoa sasa," Dk. Lovrić alisema kwa sauti ya chini. "Wala siwezi kuiacha hapo. Nipe muda kidogo, mama yangu. Unaweza?"

Sasa, Nevenka ujanani alikuwa mlenga shabaha wa bunduki katika klabu ya hapa mjini. Alinambia hakumkumbuka Mungu wala Vinko. Alikumbuka mkeka wa kulalia akilenga, na kitako cha bunduki begani. Alitoa nusu ya pumzi kupitia puani, akaizuia iliyobaki, akaulegeza mwili kuanzia vidoleni. Koo liliwaka. Machozi ya jicho la pili yakamwingia sikioni. Alisikia daktari akisema "sukuma," kisha "uzi," kisha "uzi" tena. Kifua kikaanza kumtetemeka.

"Imekaa," daktari alisema. "Nashika kidonda. Kohoa sasa, polepole."

Alikohoa. Nilimsikia kutoka kwenye benchi la nje, nikadhani wanamuua.

Hakuna mshipa uliopasuka. Lakini msidhani alifungua jicho akaona. Wiki za mwanzo alitapika kwa kizunguzungu. Jicho moja lilimletea birika kubwa kama ndoo, jingine likamwambia birika liko mbali. Alimwaga kahawa mezani, akajigonga, akalia, akarudi Zagreb kwa mazoezi. Vinko alikatazwa kumkaribia mpaka daktari aseme amezoea. Hilo alilipanga Nevenka mwenyewe. Hakutaka kuuona uso ule vibaya.

Siku yenyewe alivuta kiti mbele ya Vinko, akasogeza kichwa taratibu huku na huku mpaka picha ikakaa. Jasna alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Nevenka aliupitia uso ule kipande kwa kipande. Upande wa kulia wa uso wa Vinko ulikuwa umeporomoka, mdomo umevutwa chini. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Vinko," alisema mwishowe, "unataka kubaki hapa nami?"

"Ndiyo." Jicho lake likafumba, shavu zima likatetemeka.

"Unataka kwenda kule?"

"Ndiyo." Akamtazama moja kwa moja, nyusi zimetulia. Kisha akanyoosha mkono wake ulio mzima, akagusa mshipi wa kukazia kiuno ambao Nevenka alikuwa akiuvaa tangu alipoanguka akimnyanyua bafuni.

Nevenka hakugeuka. "Jasna. Ulisema kweli."

"Nilitamani niwe nimekosea," Jasna alisema, na hapo ndipo alipoingia na kupiga magoti kando ya mama yake.

Vinko alihamia kule vuli ileile. Nevenka alilia njia nzima ya kurudi, na wiki nzima hakutaka hata kunifungulia mlango. Sasa anakwenda kwa tramu kila asubuhi, anakaa goti kwa goti na mumewe.

Juzi alirudi amechangamka, akavua koti hapa kwangu.

"Shoga, leo tumegombana," akasema. "Nimefungua dirisha, akanikunjia uso. Nikafunga, akanikunjia zaidi. Mzee ana kiburi yule."

"Mkaishiaje?"

"Tumenuniana mpaka saa ya chakula."

Akaketi, akaomba kahawa.