Pua ya Mutembei

Wapo waliorithi shamba, wapo waliorithi kesi ya shamba, na yupo Mutembei aliyerithi pua. Haikuwa pua ya kutazamwa. Ungekutana nayo njiani ungeipisha tu iende zake. Lakini kule kiwandani, chini kidogo ya Githongo, ambako wakulima wa vijiji vitano hupeleka kahawa yao, pua ile ilikuwa na cheo kumshinda meneja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kahawa mbivu ikishamenywa kwa mashine, punje huingia kwenye matangi ya saruji zikiwa bado na utelezi wake, zikae humo zikichacha mpaka utelezi uachie. Ukizifungulia mapema, utelezi unabaki. Ukichelewa zinavunda, na kahawa iliyovunda hata ukaioshe kwa maji ya Yordani, mwonjaji wa Nairobi ataijua kwa tone moja. Katika viwanda vingine mtu hutia mkono tangini, akachota punje, akazisugua kwa maji. Zikikwaruza kama changarawe, ziko tayari. Mutembei hakusugua. Aliinama, akavuta pumzi moja, akasema, "Fungua," au akasema, "Bado." Miaka ishirini na mitatu hakuwahi kukosea, na miaka hiyo yote hakuwahi kuwaacha watu wasahau.

"Kusugua ni kwa wale Mungu aliwanyima," alizoea kusema, na wanawake waliokuwa wakigeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia walicheka, maana alikuwa mzee wa utani.

Mwezi wa tano akashikwa na mafua. Mafua yakaisha, yakaenda na harufu zote. Aligundua hivyo akiwa jikoni kwake, amekaa kando ya moto akisoma gazeti la juzi, mkewe Gatakaa alipoingia mbio kutoka zizini.

"Baba Winrose, githeri inaungua mpaka majirani wanakohoa, na wewe umekaa hapo kama jiwe la tatu la meko?"

"Nilidhani ndivyo unavyoipenda siku hizi," akajibu.

Gatakaa akachukua sufuria akaenda kuisugua nje. Mutembei akaingia stoo. Akanusa vitunguu. Akanusa mafuta taa. Akanusa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ambayo mtu mwenye akili huinusa akiwa mbali. Hewa tupu. Pale sokoni kulikuwa na daktari, lakini ukimwambia daktari, nesi atasikia. Nesi akisikia, kwaya ya kanisa imesikia. Na kwaya ikisikia, jambo lako litaimbwa kwa sauti nne.

Basi akaanza kufanya lile alilolicheka. Alifika kiwandani kabla ya wote, akatia mkono tangini, akasugua, akajifuta kwenye koti. Watu walipofika walimkuta amesimama wima, mikono nyuma. Hapo ndipo alipoinama kwa madaha, akavuta pumzi ya kuinua mabega, akatoa hukumu, kama mwanafunzi aliyekwisha kuchungulia majibu. Mwezi wa sita ukapita hivyo, wa saba, wa nane, mpaka mvua za Novemba zikamkuta bado ni bingwa.

Chini yake kwenye matangi alikuwapo Kinya, binti wa miaka ishirini na minne mwenye cheti cha kilimo na maswali mengi. Huyu Mutembei alimpenda kwa dhati. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtajia mwenyekiti Kaburu jina lake, chama cha wakulima kilipopata nafasi moja ya kumpeleka mtu Nairobi kusomea uonjaji wa kahawa. "Mpelekeni huyu," alisema. "Ana ulimi. Hata akinijibu nausikia." Kamati ikakubali. Januari Kinya angeenda, na kwao hakuna aliyewahi kulipiwa masomo na mtu mwingine.

Jumatano moja katikati ya msimu, Kaburu akaja na wageni watatu, wanunuzi kutoka Nairobi, viatu vyao vyeupe vikiogopa tope.

"Huyu ndiye mashine yetu," Kaburu akawaambia, mkono begani kwa Mutembei. "Haitumii stima. Mzee, hebu waonyeshe. Tangi la pili."

Tangi la pili lilikuwa limejazwa jana yake. Asubuhi Mutembei alikuwa amelisugua akalikuta bado linateleza, lakini sasa ilikuwa saa nane, na jua lilikuwa limewaka tangu saa tatu. Hakujua limefika wapi. Wageni walikuwa wametoa simu wampige picha. Akainama. Akavuta pumzi. Alisikia ubaridi wa hewa puani, basi.

Kinya akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hii iko tayari. Nimeisugua saa hii. Inakwaruza."

Angesema tu "Fungua." Neno moja, na kweli ingekuwa kweli. Lakini mgeni mmoja alikuwa amesikia, akatabasamu, akauliza, "Kumbe mwenye pua ni nani hapa?" Watu wakacheka. Mutembei, ambaye alikuwa amewacheka watu maisha yake yote, akagundua kwamba hajui kuchekwa.

"Bado kidogo," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Pua haijasema."

Wageni wakapiga makofi. Walipokuwa wakielekea kwenye gari, Kinya akamfuata mbio. "Mzee, bado kidogo ni saa ngapi?"

"Nitakuja mwenyewe. Usiguse kabla sijaja."

Hayo waliyasikia wao wawili tu.

Nia yake ilikuwa kurudi baada ya saa moja, atie mkono, asugue, afungue. Lakini Kaburu alikuwa amechinja mbuzi nyumbani kwake, na wageni walitaka mashine isiyotumia stima iketi katikati yao. Wakamuuliza alijuaje, alianza lini, je, inaweza kufundishwa. Mutembei akasimulia. Kila alipomaliza kisa, walimwekea mbavu nyingine. Simu yake ikalia mfukoni. Akaona jina la Kinya, akaizima mlio. Ikatetemeka tena. Aonekane mbele ya watu wa Nairobi akiitwa na msichana aende akanuse? Ilipotetemeka mara ya tatu alikuwa akieleza jinsi mvua inavyobadilisha harufu, na alieleza vizuri kweli.

Mvua yenyewe ikaja, barabara ikawa sabuni, akalala kwa mwenyekiti.

Asubuhi alipofika kiwandani aliwaona wanawake kwa mbali wamefunika pua kwa leso. Aliwasoma nyuso kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwingine. Akafika kwenye tangi la pili, akasimama, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akakunja uso.

"Imevunda," akasema.

"Hiyo hata mbuzi anajua, mzee," mmoja akajibu, na hakucheka.

Kamati ikakaa siku hiyo hiyo, kwenye ofisi yenye meza moja na kalenda tatu. Kinya alisimamishwa mbele. Mutembei alipewa kiti.

"Mzee alisema bado kidogo," Kaburu akaanza. "Mimi mwenyewe nilikuwepo. Hakusema mpaka kesho. Sasa wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Aliniambia nisiguse mpaka aje."

"Nani alisikia?"

"Ni sisi wawili tu."

Kaburu akamgeukia Mutembei, na katika uso wake hakukuwa na shaka yoyote. Ndilo jambo lililomuumiza Mutembei zaidi baadaye, kwamba hakuulizwa kama mshtakiwa bali kama shahidi wa heshima. "Mzee, ulimwambia hivyo?"

Kinya angeweza kutoa simu yake, awaonyeshe zile mara tatu alizopiga. Hakuitoa. Alimtazama tu, uso umetulia, kama mtu aliyekushikia mlango wazi.

Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini nyuma ya ndiyo kulikuwa na swali la pili, kwa nini, na nyuma ya kwa nini kulikuwa na pua iliyokufa tangu mwezi wa tano.

"Kaburu," akasema, "nimekaa hapa miaka ishirini na mitatu. Mimi ni mtu wa kusahau kahawa?"

Wanakamati wakatikisa vichwa. La, hakuwa mtu wa kusahau kahawa. Mmoja akaomba msamaha kwamba mzee ameulizwa. Kinya akafumba macho kidogo, akayafumbua, akavua aproni ya kiwanda, akaikunja vizuri na kuiweka mezani. Nafasi ya Nairobi akapewa mpwa wa Kaburu, kijana aliyekuwa akinywa chai tu kwa sababu kahawa humsumbua tumbo.

Njiani kwenda nyumbani Mutembei alijiambia kwamba hakusema uongo. Aliuliza swali tu. Alijiambia hivyo kilima chote, na mtu anayesema kweli hahitaji kilima kizima.

Desemba ukaja mkutano mkuu. Wakulima walitaka kujua kwa nini kahawa yao imeshushwa daraja, na Kaburu akaeleza kuhusu msichana mzembe aliyekwisha kufukuzwa. Ndipo Mutembei akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, machache, hata mtoto angeyabeba. Kabla hajafungua kinywa, mama mmoja wa nyuma akasema, "Mungu akuweke, mzee. Bila wewe hata hicho kidogo tungekikosa." Uwanja mzima ukapiga makofi.

Akangoja makofi yaishe. Yalipoisha, akasema, "Tuwe waangalifu, watu wangu."

Akaketi. Wakapiga makofi tena.

Januari, wiki ile mpwa wa Kaburu aliyopanda basi kwenda Nairobi, Mutembei akateremka Mitunguu. Alikuwa amesikia kwamba Kinya anaosha ndizi kwa mnunuzi mmoja huko. Alimkuta chini ya banda la mabati, mikono ndani ya karai la maji, utomvu umemchora mpaka viwikoni. Joto lilikuwa kali. Kinya alimwona, akanyoosha mgongo.

"Muga, mzee," akamsalimu, akamtafutia kreti akaligeuza akae. Wale aliofanya nao kazi akawaambia, "Huyu ni mzee wangu wa kiwanda." Hakuongeza neno.

Mutembei akangoja wasogee. "Kinya, pua yangu haifanyi kazi."

"Najua. Tangu mwezi wa sita."

"Nani alikwambia?"

"Koti lako. Upande wa kulia lilikuwa limekauka ute kama konokono wamefanya harusi." Alikaribia kucheka, akaacha. "Sasa wewe ulidhani kwa nini kila asubuhi nilikuwa nakwambia, mzee, leo tangi la kwanza linanukia vizuri, la tatu bado? Ulidhani napenda stori?"

Naam, hivyo ndivyo alivyodhani. Alidhani ni binti mwenye maneno mengi. Hata siku zile alizochelewa kufika, hukumu yake haikukosea, akaona ni bahati, akajipongeza.

"Mbona hukuwaambia kamati?"

"Niwaambie mimi? Ningeonekana msichana anamtukana mzee afunike kosa lake. Ni wewe ungesema. Nilingoja useme."

"Ndiyo nimekuja kusema."

"Umekuja kuniambia kitu najua, mzee." Akajifuta mikono kwa gunia. "Mwenyekiti ana simu. Mpigie nikiwa hapa. Kozi ni ya miezi mitatu, wanaweza kubadilisha jina hata wiki ijayo."

Mutembei akatoa simu. Vidole vilikuwa vyepesi, namba aliijua kwa moyo. Ikalia. Kinya akasimama karibu, hakuegemea kitu.

"Aah, pua yetu," sauti ya Kaburu ikasema, na kwa ukubwa wa sauti ile hakukuhitajika spika. "Nilikuwa nakutaja sasa hivi. Wale wageni wanarudi wiki ijayo na mtu wa kamera. Wanataka wakupige ukiwa umeinama juu ya tangi, waweke picha kwenye mifuko ya kahawa. Umesikia hiyo? Kwenye mifuko."

"Mwenyekiti," Mutembei akasema.

"Sema, mzee."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ndizi, tone moja moja, kwenye karai. Mutembei aliyasikia yote. Masikio yake hayakuwa na shida.

"Nilikuwa nakusalimia tu."

"Basi salama. Msalimie mama."

Kinya alingoja mpaka kioo cha simu kikazimika. Kama angemtukana, Mutembei angeweza kukasirika, na hasira ingekuwa pahali pa kusimama. Lakini binti alienda penye ndizi, akachagua chana mbili zilizoiva, nzuri kuliko zote, akazitia kwenye mfuko, kwa maana mzee haondoki kwako mikono mitupu hata awe amekufanyia nini.

"Mpelekee Mama Winrose," akasema. "Na uharakishe, gari la Nkubu linajaa saa hii."

Akazipokea kwa mikono miwili. Hakuona njia ya kuzikataa.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linashuka, Gatakaa anakamua. Alifungua mfuko, akaziangalia ndizi, akamwangalia mumewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi bila kuvua kofia.

"Hizi ni za kuchaguliwa," akasema. "Nani amekupa?"

"Mtu wa Mitunguu."

"Mtu huyo hana jina?"

Mutembei akachukua panga na kamba, akashika njia ya kwenda kumkatia ng'ombe majani.

"Analo," akasema, bila kugeuka.